Siwema na Pama ya Masolwa

Katika kijiji cha Itetemia, miaka ile, mtu hakuhesabiwa kuwa amekufa sawasawa mpaka Siwema awe amemtukana.

Haukuwa ukatili, ulikuwa utani. Siwema alikuwa Muha, majirani zake wengi walikuwa Wanyamwezi, na tangu enzi za misafara makabila hayo mawili ni watani. Msiba ulipotokea, yeye ndiye aliyeingia uani akiwa amevaa viatu vya marehemu, amejifunga mkanda wa marehemu, akitembea kama marehemu alivyokuwa akitembea. Alijilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Alimwambia mjane, "Lia kwa adabu, mama. Mwenyewe ulikuwa humtilii chumvi kwenye mboga." Na mjane, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemeza hata mate, alicheka, kisha akalia vizuri zaidi. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumkasirikia. Kumkasirikia mtani msibani ni kama kuikasirikia mvua.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye ujanani alibeba chumvi kutoka Uvinza mpaka Tabora kwa miguu. Mzee huyo alipenda kuwaeleza wanawe utani ulivyozaliwa. Mchukuzi akifia njiani, ndugu zake hawakuwapo kumzika. Aliyemzika ni mtani. Na mtani huyo ndiye aliyebeba habari mpaka kwa wazazi wa marehemu: amekufa mahali fulani, kwa ugonjwa fulani, amelazwa kuelekea upande fulani.

"Ukiwa mtani," alisema, "chezea kila kitu cha maiti. Chezea viatu vyake, chezea mwendo wake. Lakini habari yake usiichezee. Hiyo ni mali ya watu wake."

Kati ya watani wote wa Itetemia, aliyemtosha hasa Siwema alikuwa jirani yake Masolwa, fundi baiskeli, mtu mrefu ambaye hakuonekana nje bila pama yake ya kahawia, ile kofia pana aliyoinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye reli. Kila asubuhi walisalimiana juu ya ua wa minyaa uliotenganisha nyumba zao.

"Umeamka, mtumwa wangu?" Siwema huuliza.

"Nimeamka. Lakini wewe naona umeamka na sura ya jana."

"Siku ukifa, Masolwa, pama hiyo ni yangu."

"Utangulie wewe, Muha, nije nilale kaburini mwako mpaka wanipe mbuzi."

Mke wa Masolwa, Benedikta, aliwasikiliza huku akitwanga karanga na kutikisa kichwa. Alijua yaliyokuwa chini ya matusi hayo. Mume wa Siwema alipofariki, Masolwa ndiye aliyepanda kuezeka upya paa la mjane. Alipoulizwa kwa nini anajisumbua, alijibu kwamba anatafuta tu mahali pa juu pa kumkimbia mkewe.

Mvua za mwaka 1978 zilipokuwa zimekolea, ugonjwa ukaingia. Bwana Afya, kijana wa Cheyo, mjini Tabora, aliyeitwa Abbasi, alipita na gari la matangazo. Alisema kuna kuharisha kwa kawaida kwa majira ya mvua, wananchi wasiwe na wasiwasi. Ndivyo alivyoagizwa kusema. Wiki iliyofuata gari lilirudi na sauti ilikuwa ileile, ila sasa ugonjwa ulikuwa na jina, kipindupindu, na ghala la tumbaku la kijiji lilikuwa limegeuzwa kambi ya wagonjwa. Watu wachemshe maji. Mgonjwa apelekwe kambini haraka.

"Juzi gonjwa hili halikuwa na jina," walisema watu kisimani, "leo lina jina na lina nyumba. Kesho litakuwa na nini?"

Pengo lile kati ya tangazo la kwanza na la pili halikubaki wazi. Balozi wa nyumba kumi, Silasi, alilijaza bila kukusudia. Alisikia kwa utingo wa lori lililotoka Nzega kwamba makambini wagonjwa wanatundikiwa chupa za maji, wanajazwa mwilini mpaka moyo unazama, na kwamba ndiyo sababu ndugu hawaruhusiwi kuingia. Silasi hakuwa mwongo. Aliwapenda watu wa nyumba zake kumi na aliogopa kwa niaba yao. Alipita mlango kwa mlango na filimbi yake shingoni, akikohoa kabla ya kusema, kama ilivyokuwa desturi yake. "Wagonjwa wenu watunzeni nyumbani," alisema. "Msiseme sikuwaambia."

Habari hiyo ilipomfikia Siwema hakuiamini wala hakuikataa. Alikuwa hajawahi kuona chupa ikitundikwa. Aliiacha ipite, kama mtu anavyoacha mbwa wa jirani apite.

Kisha asubuhi moja alisema juu ya minyaa, "Umeamka, mtumwa wangu?" na hakujibiwa.

Benedikta alimfungulia mlango nusu. Ndani Masolwa alilala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Harufu ya maji ya majani ya mpera ilikuwa imejaa chumbani.

"Tangu lini?"

"Tangu usiku. Usiseme kwa mtu, Siwema. Watakuja na machela."

"Na wakija?"

"Silasi amesema wanawazamisha." Benedikta alikuwa amemshika mumewe mguu, kana kwamba machela ilikuwa tayari mlangoni. "Mume wangu hatazamishwa ghalani kama paka."

Siwema alimtazama Masolwa. Alitafuta tusi la kumtupia, na kwa mara ya kwanza maishani akalikosa.

"Mchemshie maji, anywe kidogokidogo," alisema. "Mimi naenda kuona."

Abbasi alikuwa kwenye uzio wa ghala, suruali yake iliyozoea pasi imetapakaa tope mpaka magotini. Alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, Mnyamwezi. Nimekuja kuona mnavyowazamisha watu."

Kijana hakucheka wala hakukasirika. "Mama, nimepita na kipaza sauti mpaka koo limekauka. Heri mtu mmoja aone. Vua viatu."

Alimkanyagisha gunia lililolowekwa dawa, akamnawisha mikono kwa maji yenye harufu kali ya klorini, akamwingiza.

Ghalani bado palinukia tumbaku. Wagonjwa walilala kwenye vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na chini ya kila tundu palikuwa na ndoo. Na kweli, juu yao zilining'inia chupa, na kutoka kila chupa mpira mwembamba ulishuka mpaka mkononi mwa mtu. Siwema alizihesabu moja moja. Utingo hakusema uongo kuhusu chupa.

Muuguzi aliyekuwa zamu, Imakulata, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimwona anavyozitazama.

"Mama, kwenu mnaanika michembe?"

"Nani asiyeanika michembe?"

"Kiazi kikishakauka juani, ukitaka kukila unafanyaje?"

"Unakirudishia maji."

"Ndiyo kazi yetu humu. Ugonjwa huu unamkausha mtu. Unamtoa maji na chumvi ya mwilini, vyote pamoja. Akiwa bado ana nguvu ya kunywa, tunamnywesha. Akiwa hawezi, tunapitisha mkononi. Humo chupani hamna zaidi ya maji safi na chumvi zilizopimwa."

"Chumvi," alisema Siwema polepole. Alimkumbuka baba yake na mzigo begani.

Akamwona msichana mmoja ameketi, anakunywa uji, anamlalamikia Imakulata kwamba hauna sukari. Akaona pia, kwenye pembe ya ghala, kitanda kilichofunikwa chote kwa shuka.

"Na yule?"

"Amefariki alfajiri," alisema Abbasi. "Aliletwa jana jioni, amekwisha kukauka."

"Jioni hii utamtangaza?"

Abbasi alitazama miguu yake isiyo na viatu. "Nimeagizwa nitangaze waliopona peke yao. Watu wasiingiwe na hofu."

"Mwanangu, mtu anayeniletea habari za harusi kila siku, mimi namuuliza misiba anaificha wapi."

"Najua, mama. Siku ile niliyosema ni kuharisha kwa kawaida, nilikuwa nimekwisha kuona wagonjwa wawili kwa macho yangu. Sasa kila nikisema kweli, tangazo lile linanikatiza." Akajikung'uta tope magotini. "Daktari anakuja mchana. Nitamwomba tuseme yote. Akikataa, nitamwomba tena kesho."

Siwema alirudi mbio kadiri miguu yake ilivyoweza. Njiani alitengeneza maneno. Angemwambia Benedikta wote wanapona. Neno dogo tu, na Masolwa angebebwa. Nani angemlaumu? Lakini alipofika kwenye minyaa alimwona rafiki yake amesimama mlangoni, uso umevimba, anamsubiri yeye na si mtu mwingine, na neno lile likagoma kutoka.

"Chupa zipo," alisema. "Ndani yake mna maji na chumvi, kwa sababu mwili wake umemwaga vyote viwili. Nimeona msichana aliyeingia kwa machela, leo anagombana na muuguzi kwa ajili ya uji. Na nimeona aliyekufa."

"Basi wanakufa."

"Wapo wanaokufa. Wengi ni waliochelewa. Anayewahi, mara nyingi anainuka."

"Niapie kwamba Masolwa hatakufa."

"Siapi, Benedikta. Nikikuapia hilo nitakuwa nakudanganya."

Benedikta alirudi nyuma hatua moja. Kisha akafunga mlango, na Siwema akasikia komeo likiteremshwa.

Alibaki uani. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama kwa mbali, na Silasi miongoni mwao, mkono kwenye filimbi. Chini ya upenu, kwenye msumari wake wa siku zote, ilining'inia pama ya kahawia, na kando yake kigoda ambacho Masolwa hukikalia akiziba pancha.

Siwema aliitazama pama. Akaenda, akaitungua, akaivaa.

Kisha akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu kama Masolwa, na akaanza kulia kilio cha matanga. Alilia kwa sauti kubwa, kama afanyavyo katika kila msiba.

"Masolwa, baba wa matairi yaliyochoka! Nani atatuzibia pancha zikafunguka kabla hatujafika sokoni? Umekufa, mtumwa wangu, umekufa bila kumlipa Muha hata kuku! Nimechukua pama yako. Nimechukua kigoda chako. Nakwenda kuchagua baiskeli!"

Majirani walishika vichwa. Kumlilia mtu aliye hai ni jambo ambalo hata mtani hakuwahi kulifanya. "Siwema, unamchuria mtu," alisema Silasi.

"Anayemfungia ndani ndiye anayemchuria. Mimi nagawa mirathi tu." Akapaza sauti tena. "Pama imenikaa vizuri kuliko mwenyewe! Yeye alikuwa na kichwa kama mtungi!"

Komeo liliinuliwa. Benedikta alitokea, machozi na hasira usoni, na pengine angempiga. Lakini nyuma yake, kutoka gizani, ilisikika sauti nyembamba, kavu, inayokwaruza.

"Muha… rudisha pama yangu."

Benedikta akageuka nyuma.

"Maiti anasema," alisema Siwema, akiikaza pama kichwani. "Nakwenda nayo ghalani, mtumwa wangu. Nitaivaa pale mlangoni. Ukiitaka, ifuate."

Mkeka ulikwaruza, kisha Masolwa akasema, "Benedikta. Nipeleke nikamnyang'anye."

Mke hutii mengi na hukataa mengi, lakini Benedikta alikuwa hajamsikia mumewe akitaka kitu chochote tangu usiku. Alitazama ndani, akamtazama Siwema aliyesimama na kofia ya mumewe kichwani, na akaenda kuleta vitenge viwili vya kufungia machela.

Jioni ile, Masolwa akiwa amekwisha kulazwa ghalani, daktari alikubali yote yasemwe. Abbasi alisimama uzioni, bila gari safari hii, na Siwema kando yake. Alitaja walioingia, walioinuka, na walioaga dunia, kila mmoja kwa jina na kwa sababu, pale ambapo ndugu zake walikuwa wamekwisha kuambiwa. Alisema pia, mbele ya watu wote, kwamba tangazo lake la kwanza halikuwa sahihi, na kwamba halitarudiwa. Watu walinung'unika. Mmoja akauliza kama samaki wa kukaanga wa sokoni wanaleta ugonjwa.

"Hilo sina uhakika nalo," alisema Abbasi. "Nitamuuliza daktari, niwajibu kesho saa hizihizi."

"Bwana Afya mzima hujui samaki?" alisema Siwema. "Wanyamwezi na samaki wapi na wapi. Haya, kesho."

Watu walicheka, na kesho yake walirudi, wengine kwa ajili ya samaki tu. Jibu lilikuwapo: aliyetoka kwenye mafuta ya moto aliwe hapohapo, aliyelala kwenye sinia na nzi aachwe. Siku iliyofuata walikuja wengi zaidi. Abbasi aliyasema yale aliyoyajua na akayataja aliyokuwa hajayajua, na Siwema aliyarudia kwa lugha ya kisimani, michembe na yote, akimtania kila aliyeguna. Siku ya nne machela mbili zilifika na wagonjwa wao kabla hazijaitwa.

Benedikta alisimama mbele kabisa kila jioni, ameshika waya wa uzio. Siwema aliingia kuwaona wagonjwa kabla ya kusema, na Benedikta alijua hivyo, kwa hiyo alimtazama usoni toka mbali. Kuna jioni Siwema alimwambia, "Leo hajainua kichwa." Hakumpamba. Kuna jioni akamwambia, "Leo amenitukana, lakini tusi moja tu." Benedikta alilala kidogo usiku ule.

Imakulata hakuruhusu pama itoke kambini bila kuoshwa. Aliilowesha kwenye klorini, na ilipokauka ilikuwa na mabaka meupe kama ng'ombe. Siwema akaivaa hivyohivyo.

Silasi hakufika uzioni hata mara moja. Alikuwa amekwisha kusema kwenye milango mingi mno, na mtu aliyepita milango yote hiyo huona aibu kuirudia. Tumbo lilipomshika alijifungia. Mkewe, Minza, alimbembeleza mchana kutwa, akamleta kwa baiskeli wakati mumewe hajui tena yuko wapi.

Jioni ambayo Masolwa aliruhusiwa kutoka, watu wa Itetemia walijua mapema na walikuja wamechangamka. Benedikta alikuwa amevaa kanga mpya. Masolwa alisimama nyuma ya mlango wa ghala, mwembamba kama mpini wa jembe, akisubiri kuitwa. Na nyuma yake, kwenye pembe, kulikuwa na kitanda kilichofunikwa. Silasi alikuwa amefariki adhuhuri.

Imakulata alikuwa amekwisha kumwambia Minza. Sasa Minza alikuwa ameketi chini kando ya uzio, na watu, katika furaha yao, hawakuwa wamemwona.

"Tuanze na Masolwa?" Abbasi alinong'ona. "Ili wapate moyo?"

Siwema alivua pama. "Tuanze na mwenye msiba."

Akaenda uzioni. "Watu wa Itetemia," alisema, na kwa jinsi alivyoishika kofia mkononi wakanyamaza. "Balozi wetu Silasi amefariki leo mchana, humu ghalani, kwa kipindupindu. Amelala kuelekea mashariki, safi, nimemwona mimi. Aliletwa akiwa amechelewa. Alichelewa kwa sababu aliogopa, na aliogopa kitu kilekile alichotuonya sisi. Hakutudanganya. Alituambia alichokiamini, na alikiamini mpaka kikamchukua." Akamgeukia mjane. "Minza, mama, habari hii ni yako. Nimeileta kama ilivyo."

Minza aliinua uso. Akashika waya wa uzio, akasimama. "Ahsante, mtani," alisema.

Ndipo Masolwa akatoka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Benedikta alimshika mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, na hakuuachia.

Wahudumu wa afya walimzika Silasi kesho yake asubuhi, na matanga yalikatazwa chakula. Watu walikuja uani kwa Minza wakasimama ovyo, hawajui msiba usio na sufuria unakaliwaje. Mlangoni mwa ua walimkuta Siwema, pama kwapani, amewazibia njia kwa ndoo.

"Hapiti mtu."

"Unataka kuku?" aliuliza mzee mmoja kwa mazoea.

"Kuku wenu wana kamasi. Leo nataka mikono."

Harufu ya klorini iliwafikia. Wakatazamana. Kisha Siwema akakohoa, kikohozi kilekile cha Silasi, akaweka mkono kifuani mahali filimbi ilipokuwa, na akaanza kupita mstarini kwa ule mwendo wake wa kuchungulia. "Nyumba ya saba, mbona mmekuja wachache? Nyumba ya tatu, mbwa wenu amekula tena kandambili zangu. Naweni. Msiseme sikuwaambia."

Kutoka ndani kilisikika kicheko kimoja kifupi. Kilikuwa cha Minza, na baada yake kikaja kilio, kirefu, kilichokuwa kimekwama tangu jana.

Masolwa alikuwa wa kwanza kusogea, akiegemea bega la Benedikta. Aliichomoa pama kutoka kwapani mwa Siwema, akaigeuzageuza, akaangalia mabaka.

"Umeniharibia pama, Muha."

"Haijaharibika. Imepona, ikabaki na makovu."

Hakuivaa, kwa heshima ya msiba. Aliiweka chini ya kwapa lake, akakunja mikono ya shati, akainama, akatumbukiza mikono yake mirefu ndani ya ndoo mpaka kwenye viwiko.